Sura ya Tano: Vibanda Visivyogusana

"Jibu ninalo," Mkurugenzi alisema. "Ninachotaka kwako ni karatasi tu."

Afande, mama wa makamo, alimsikiliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, viatu kavilegeza chini ya meza, na hii ilikuwa siku yake ya nne katika kazi hii. Alikuwa amestaafu upolisi miaka mitatu nyuma, lakini jina la Afande lilimfuata mitaani, na watu waliomkodi walipenda kumwita hivyo. Liliwafanya wajione wana polisi wao wenyewe.

Mkurugenzi alikuwa ameendesha Maonyesho Makuu ya Michezo ya Video kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka kampuni za gemu kutoka nchi ishirini na kitu zilikuja kwenye ukumbi huu kuonyesha michezo ambayo haijaingia sokoni, na kwa muda mrefu hakukuwa na pengine pa kwenda. Halafu upande wa pili wa jiji likasimama jengo jipya, na ndani yake likazaliwa Jukwaa. Maonyesho yale yale, wageni wale wale, ila wao tarehe zao walizipanga siku tisa kabla. Hakuna kampuni inayosafirisha mizigo na watu mara mbili ndani ya wiki mbili. Inachagua. Mwaka huu kumi na moja zilikuwa zimeshachagua Jukwaa.

"Isome tena," Mkurugenzi alisema, akisukuma barua mezani.

Afande alikwisha kuisoma mara sita. Jukwaa walikuwa wameandikia kampuni kumi na moja siku moja, tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, na kila barua ilijua mambo. Hii ilimwambia mtengenezaji mkubwa kuliko wote kwamba ametengewa kibanda cha mita kumi na mbili kwa tisa, kushoto mwa mlango mkuu, mbali na hasimu wake, na umeme wa kutosha skrini arobaini. Ndivyo hasa alivyoomba hapa, na aliomba kwa siri.

"Anayejua yote hayo ni anayechora ramani ya vibanda," Mkurugenzi alisema. "Na anayechora ana wifi yake pale mapokezi ya Jukwaa. Wifi yake, Afande! Dada wa mumewe! Unataka nini tena, nikuletee na picha za harusi?"

"Ukiniletea nitazitazama."

"Bodi inakaa saa kumi. Barua ya kumfukuza nimeshaiandika, bado sahihi tu. Nikimaliza hapo nawapigia simu wenye kumbi wote. Hatachora tena hata banda la kuku."

"Na kama si yeye?"

"Basi niletee aliye ndiye. Nitabadilisha jina, barua itabaki ile ile. Lakini ikifika saa kumi lazima kuwe na mtu ameondoka. Siwezi kuingia kwenye bodi mikono mitupu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Afande akaingiza miguu kwenye viatu sawasawa, akainuka.

Chumba cha Mchora Ramani kilikuwa mwisho wa korido: skrini mbili, printa kubwa, na chai iliyopoa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na macho yake yalionyesha kwamba yeye na usingizi wamekosana. Hata hivyo alikuwa kazini. Alikuwa akifuta vibanda kumi na moja kwenye ramani ya ukumbi na kuvisogeza vilivyobaki, ili wageni wasione mapengo.

"Umekuja kunikamata?" aliuliza bila kugeuka.

"Siku hizi sikamati mtu. Nauliza tu. Ramani hii ina nakala ngapi?"

"Tatu. Ya wageni haina majina mpaka kampuni zitangazwe. Ya ofisi ina majina na maombi yote: ukubwa, umeme, nani hataki kukaa karibu na nani. Hiyo ninayo mimi na Mkurugenzi. Ya tatu ni hiyo hiyo ya ofisi, ila naichapa kubwa, nampelekea Fundi Mkuu."

"Fundi ana haja gani na majina?"

"Lazima ajue nani anavuta umeme kiasi gani. Wa skrini arobaini ukimchanganya na wa skrini thelathini kwenye laini moja, ukumbi mzima unazima. Tena mbele ya waandishi wa habari."

"Huyo Fundi ni mtu wa namna gani?"

Kwa mara ya kwanza Mchora Ramani akatabasamu kidogo.

"Ni baba yangu mdogo. Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne, yeye ndiye akanichukua. Shule kanisomesha yeye, harusini kasimama yeye, na hapa kanileta yeye. Ila kwenye kazi tunagombana kila mwaka. Mimi nachora vibanda mgongo kwa mgongo, vimegusana, safi kabisa. Vikija kujengwa naona vimesogea. Hiki kidogo huku, kile kidogo kule. Nikimuuliza ananiambia, 'Wewe chora, mama. Sakafu niachie mimi.'"

Afande akaliandika hilo kwenye daftari. Hakujua litamfaa nini, lakini alikuwa na tabia ya kuandika chochote kinachomkera mtu kila mwaka.

"Na wifi yako?"

"Mimi na wifi yangu hatusemezani tangu mwaka juzi."

"Kisa?"

"Sufuria."

"Sufuria?"

"Sufuria kubwa la shughuli. Kaliazima zima, kalirudisha limetoboka, halafu anasema lilikuwa hivyo hivyo. Sasa wewe, Afande, mtu mzima ataazima sufuria lililotoboka akapikie watu mia mbili?"

"Hapana."

"Haya."

Afande akaomba nakala ya ofisi. Mchora Ramani aliichapa, akaikunja vizuri na kuifunga kwa mpira. Akampa.

"Nikifukuzwa kwa wizi," alisema, "hakuna ukumbi utakaonichukua. Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua."

"Najua," Afande alisema, akaichukua ramani akatoka.

Mapokezi ya Jukwaa yalikuwa na meza ya kioo na maua ya plastiki. Wifi alikaa nyuma ya meza hiyo, kajipamba, kadi ya jina shingoni, na aliposikia anaulizwa habari za nani, tabasamu la kazi likafutika.

"Yule anipe mimi ramani? Yule hata salamu hanipi. Mwambie nilishasema, na nasema tena, lile sufuria lilikuwa limetoboka!"

"Sikuja kwa ajili ya sufuria, dada."

"Ndiyo, lakini mwambie."

Afande akavuta pumzi. Katika miaka ishirini na saba ya kuhoji watu alikuwa ameona machozi ya kuigiza, hasira ya kuigiza, hata mtu mmoja aliyezimia kwa kuigiza mara mbili asubuhi moja. Uchungu wa sufuria hauigizwi. Alimuuliza maswali mengine manne kwa sababu kazi ni kazi, na yote yalijibiwa waziwazi. Vibanda vinapangwa na meneja mauzo huko ndani. Watu wa mapokezi hawaitwi. Ramani yenyewe Wifi aliiona siku ilipobandikwa hapa ukutani, kama mgeni mwingine yeyote.

Ilikuwa imebandikwa kweli, kubwa, ya rangi, bila majina. Afande aliikunjua ya kwake sakafuni, akapiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayakulifurahia, akaanza kulinganisha safu kwa safu.

Safu zilikuwa zile zile, na vipimo vile vile. Tofauti ilikuwa moja. Kwenye ramani ya Mchora Ramani vibanda vyote viligusana. Kwenye hii ya Jukwaa, hapa na pale, vibanda viwili viliachana kidogo na kubakisha upenyo mwembamba. Alizihesabu nafasi hizo. Zilikuwa tisa, hazikukaa kwa mpangilio wowote, na hakuna hata moja iliyotosha mtu kupita.

Aliikunja ramani, akaitia kwapani na kuelekea ukumbini. Mlinzi alimpisha. Mtu mwenye mchoro kwapani hazuiwi na mlinzi yeyote, kila mtu anadhani ametumwa na mwingine.

Ndani, mfanyakazi mmoja alikuwa ameinama akibandika utepe mweupe sakafuni kuonyesha mipaka ya vibanda. Alikuwa amefika kwenye moja ya zile nafasi tisa.

"Pole na kazi," Afande alisema. "Hapa mnaacha nafasi ya nini?"

"Sijui, mama. Ramani ndivyo inavyosema."

"Ya mtu kupita?"

"Apite mtu gani hapa? Labda paka."

"Umeme wenu unatoka wapi?"

Mfanyakazi akanyoosha kidole juu. Dari lote lilijaa nyaya zilizofungwa vizuri, tayari kushushwa juu ya kila kibanda. Afande akagonga sakafu kwa kisigino. Zege tupu, jipya, halina hata ufa.

"Fundi wetu mkuu alitaka kuziondoa hizi nafasi," mfanyakazi aliendelea, akifurahi kupata sababu ya kunyoosha mgongo. "Meneja mauzo akakataa. Ramani kaileta yeye mwenyewe. Anasema barua zimeshakwenda na vipimo hivi, na hakuna kubadilisha kitu."

"Fundi wenu akasemaje?"

"Akanyamaza. Tangu siku hiyo haongei na mtu."

Afande akamshukuru, akatoka. Kwenye teksi alifungua daftari lake na kusoma tena malalamiko ya Mchora Ramani kuhusu vibanda vinavyosogea. Hakufurahi kama mtu aliyepata jibu anavyopaswa kufurahi.

Karakana ya Fundi Mkuu ilikuwa nyuma ya ukumbi wa Maonyesho Makuu, karibu na mlango wa mizigo. Ilikuwa saa nane kasoro. Fundi alikuwa akisafisha plagi moja moja kwa kitambaa na kuzipanga kwenye kreti, mwanamume mwenye mvi, ovaroli iliyofuliwa ikapauka.

"Karibu, Afande. Kaa hapo, hiyo kreti ni nzima."

Hakukaa. Alikuwa anatazama ukutani. Nakala kubwa ya ramani ya ofisi ilibandikwa pale, na juu yake mtu alikuwa amechora kwa kalamu nyekundu vijisanduku vidogo. Kando ya kila kimoja, vibanda vilikuwa vimesogezwa kwa mshale. Afande alivihesabu mara mbili. Vilikuwa tisa.

"Hivi ni nini, mzee?"

"Visanduku vya umeme. Viko chini ya sakafu, na kila kimoja kina mfuniko wake. Ukimjengea mtu kibanda juu ya mfuniko, laini ikikata huwezi kufungua. Kwa hiyo mimi naacha upenyo wa kuingiza mkono."

"Mchora Ramani haoni hivi?"

"Ataviona wapi? Michoro ya jengo iliharibika mafuriko yalipoingia, wakati huo yeye alikuwa bado anasoma. Tangu hapo mchoro wa sakafu ni kichwa changu. Kila mwaka nachora upya hapa ukutani, maonyesho yakiisha nachana. Yeye simwonyeshi. Nikimwonyesha ataanza kubishana na sakafu, namjua."

"Kwa hiyo hii ni nakala pekee."

"Pekee."

Fundi akaweka kitambaa chini, akafuta mikono.

"Afande, nilikuwa nakuja kwako mimi mwenyewe. Nimesikia wanayosema kuhusu mtoto wangu. Nimemlea, namjua ndani nje. Hajatoa kitu. Na hizi ramani zenyewe watu wanazikuza tu. Siri gani humu? Sisi mafundi tunapeana siku zote. Mimi mwenyewe mwezi wa pili nimemtumia mtu hii hii unayoiona. Mbona hakuna lililoharibika?"

Sasa Afande akakaa kwenye kreti.

"Ulimtumia nani?"

"Mwanafunzi wangu. Yaani nilimfundisha zamani, sasa ni baba wa watoto watatu. Ndiye fundi mkuu kule Jukwaa. Alinipigia simu amekwama, hajawahi kugawa umeme wa vibanda mia moja na ishirini. Nikapiga picha ukuta, nikamtumia. Hata mimi mwalimu wangu alinipa za kwake. Fundi hamnyimi fundi mchoro."

"Naomba nione simu yako."

Alimpa bila kusita. Ujumbe ulikuwa pale. *Shikamoo mzee wangu, nimekwama, nisaidie mwanao.* Chini yake picha ya ukuta huu, na chini ya picha, *Marahaba. Soma laini ya tatu kwa makini, ndiyo ngumu.* Halafu jibu: *Ahsante mzee, Mungu akuweke.* Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili. Barua za Jukwaa zilitoka siku tano baadaye.

Afande akarudisha simu. Alikuwa amechoka, na uchovu huu haukuwa wa miguu.

"Mzee, kwenye picha hii majina ya kampuni yanasomeka?"

Fundi akageuka kuutazama ukuta. Aliutazama kwa muda mrefu, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Afande aliona midomo yake ikitamka majina kimya kimya, yote yaliyoandikwa pale kwa herufi kubwa.

"Mimi huwa siyaoni majina," alisema mwishowe. "Mimi naona umeme."

"Ndiyo."

"Yule hawezi kunifanyia hivyo. Amekula kwangu yule."

"Huenda hakupenda. Huenda meneja wake aliiona tu kwenye simu au mezani. Hilo nitamuuliza kesho. Lakini imetoka hapa, mzee. Zile nafasi tisa wamezinakili zote, kwenye sakafu isiyo na kitu chini."

Fundi akaketi kwenye kreti ya pili.

"Nikuambie ilivyo," Afande alisema. "Naweza kuandika kwamba sikumpata mtu. Nikiandika hivyo, saa kumi Mkurugenzi anasaini barua ya binti yako, na anawapigia simu wenye kumbi wote."

"Na ukiandika unachokijua?"

"Anabadilisha jina."

Huko ukumbini mtu alikuwa akiburuta ngazi. Fundi alisubiri mpaka kelele ikaisha.

"Nimebakiza miezi saba kustaafu," alisema.

"Najua."

"Andika."

"Hutaki kufikiri kwanza?"

"Nifikiri nini? Ningekuwa nimeiba ningefikiri. Andika, halafu unisomee polepole. Miwani nimeisahau nyumbani."

Afande akaandika. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ametafuta wezi, na wengi aliwapata, na usiku alilala. Leo alitamani mwizi, hata mmoja tu, mtu wa kumchukia kidogo. Alimsomea Fundi karatasi yote. Fundi alisahihisha sehemu moja: si laini ya pili, ni ya tatu. Kisha akaweka sahihi, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri shuleni na hajawahi kuacha.

Saa tisa na dakika arobaini Mkurugenzi aliisoma karatasi mara mbili huku Fundi amesimama mbele yake. Aliivuta kompyuta, akafuta jina moja, akaandika lingine. Printa ikalia.

"Yeye ndiye anayejua visanduku viko wapi," alimwambia Afande, kama vile Fundi hayumo chumbani. "Maonyesho yanaanza baada ya wiki mbili. Nani atafungua?"

"Sikukodiwa kwa umeme," Afande alisema, akatoka na kufunga mlango.

Mchora Ramani alikuwa kwenye benchi la korido. Kando yake kulikuwa na boksi: kikombe, rula mbili, sweta, picha ya harusi. Alisimama haraka, boksi likaanguka ubavu.

"Ni mimi?"

"Si wewe. Unabaki."

Akaziba uso kwa mikono yote miwili. Mabega yalimtikisika, na Afande akainama kulisimamisha boksi. Alipoishusha mikono, uso ulikuwa umebadilika.

"Mmempata?"

"Tumempata."

"Sitaki hata jina lake sasa hivi, nitalisikia. Siku nne, Afande! Siku nne sijalala. Mume wangu ameanza kuniangalia kwa pembeni, nyumbani kwangu mwenyewe. Alikuwa anaona yote haya, huyo mtu, akanyamaza? Msimwonee huruma. Atolewe mchana kweupe, apitishwe katikati ya ukumbi, kila mtu amwone. Niahidi hivyo."

Afande alifungua mdomo. Nyuma yake mlango wa Mkurugenzi ukafunguka, na Fundi akatoka, bahasha imekunjwa mara mbili kwenye mfuko wa ovaroli.

"Baba mdogo!" Mchora Ramani alimkimbilia na kumshika mikono. "Umesikia? Wamempata!"

"Nimesikia, mama," Fundi alisema. "Hebu kaa kwanza."